Mwaka Tuliompeleka Jedidah Mombasa

Majengo, Mombasa
2 Juni 1961

Dada Mable,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Fanuel. Sisi hatujambo, ni joto tu. Juzi mzee Mwinyihaji wa Voi alikuja kununua bidhaa za duka lake, akalala kwa binti yake Mwanaesha, ambaye ni jirani yangu hapa, mlango kwa mlango. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akatikisa kichwa, akasema, "Huko kwenu, mwanangu, hata punda wamebaki mifupa." Alisema vifaru wanakufa kando ya mto kule mbugani, na watu wa Sagalla wanashuka mlima kupanga foleni ya mahindi ya njano ya serikali. Mbona hukuniambia? Barua yako ya Pasaka ilisema tu "mvua bado".

Nimezungumza na Fanuel. Tupe Jedidah akae nasi mpaka mvua inyeshe. Fanuel ana kazi ya kudumu bandarini, chakula kipo, maji yako kwenye bomba uani, na shule haiko mbali. Mtoto wa miaka minane ataumia bure huko na kwa mama yake mdogo kuna nafasi. Wewe ubaki na Alexander, maana bado ananyonya. Ukikubali, mzee Mwinyihaji atamleta kwa treni safari yake ijayo.

Msalimie shemeji Danson. Mwambie asilale shambani peke yake, nasikia ndovu wamekuwa wakali.

Mdogo wako,
Dinah


Sagalla
kwa Duka la Mwinyihaji, Voi
14 Juni 1961

Dinah mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Sikukuandikia habari za njaa kwa sababu ungefanya nini? Ungetuletea mvua kwa treni?

Ni kweli hali ni mbaya. Mahindi ya Machi yalifika magotini, yakakauka yakiwa yamesimama. Chemchemi ya juu imebaki tope. Sisi wanawake tunashuka bondeni kabla jua halijachomoza mpaka kwenye lile bomba kubwa linalopeleka maji Mombasa. Kuna mahali linavuja kwenye kiungo, na wafanyakazi wake wakitukuta wanatuacha tukinge. Hayo mnayokunywa nyinyi yanapita hapa chini ya mlima wetu, na sisi tunangoja yadondoke. Ndovu nao wamepajua. Tukifika tunakuta mavi yao bado yana moto.

Danson analala shamba la chini akilinda mihogo, maana mihogo ndiyo iliyobaki. Nikimwambia arudi ananiuliza, "Tukiipoteza hiyo, watoto watakula nini, majani ya mkonge?"

Kuhusu Jedidah, hapana. Nakushukuru, lakini hapana. Nimezika watoto wawili, nimebaki na wawili. Tena nikuambie ukweli usije ukausikia kwa watu. Niliposoma barua yako mbele ya wanawake wenzangu wa kanisa, walitazamana. Unajua walichokuwa wakifikiri. Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, akiomba mtoto wa mwenziwe mpaka mvua inyeshe, atamrudisha kweli? Mimi sikusema hivyo. Nasema tu Jedidah hatakwenda.

Dada yako,
Mable


Majengo
25 Juni 1961

Dada,

Nimesikia. Nawasalimia hao wanawake wa kanisa.

Nimempa mzee Mwinyihaji mfuko wa unga na mafuta ya nazi akupelekee. Vipokee tu, si lazima unijibu.

Dinah


Voi
30 Julai 1961

Dinah,

Nimeshindwa. Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya wodi, hospitali hapa Voi.

Ndovu waliingia Jumanne kwenye shamba la chini. Walikuwa wengi, na majike wenye watoto. Danson alipiga debe kama siku zote, wakarudi nyuma, ila jike mmoja hakurudi. Alimfuata mpaka kwenye mwamba, akamsukuma kwa kichwa. Nyonga imevunjika, na mguu wa kushoto vilevile. Jedidah alikuwa amempelekea uji asubuhi hiyo. Aliona yote akiwa juu ya mwamba. Ndovu alipoondoka, mtoto alipanda mlima mzima akikimbia kuniita, na tangu hapo hajasema neno zaidi ya ndiyo na hapana.

Mihogo imekwisha yote. Daktari anasema Danson atalala hapa miezi, na akitoka hatatembea bila magongo. Mimi nashuka kila siku na Alexander mgongoni, natafuta chakula, nateka maji, namwosha Danson. Jedidah anabaki peke yake nyumbani akiangalia ukuta.

Basi mchukue. Mzee Mwinyihaji anasafiri wiki ijayo. Lakini tukubaliane. Mvua ikinyesha anarudi, sitaki kuambiwa mara muhula haujaisha, mara ana rafiki. Na usimzoeze kukuita mama. Wewe ni mama mdogo, hilo linatosha.

Anaogopa giza tangu siku ile. Mwache alale karibu na mtu.

Mable


Majengo
13 Agosti 1961

Dada Mable,

Amefika salama! Nilikuwa stesheni tangu asubuhi na mapema. Alishuka ameshika koti la mzee Mwinyihaji kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Una pua ya mama." Ni neno lake la kwanza, na mzee anasema safari nzima hakufungua kinywa.

Ni mwembamba, dada. Nilipomwosha nililia, nikajifanya sabuni imeniingia machoni. Sasa anakula. Fanuel akirudi kazini humletea chungwa, na jioni humpeleka Likoni kutazama kivuko kikivuka na magari tumboni. Usiku analala nami, Fanuel amehamia kwenye mkeka sebuleni na hanung'uniki. Mwanaesha anamfundisha kusuka ukili wa mikeka. Shule wamempokea.

Usiwe na wasiwasi juu ya yale uliyosema. Ananiita mama mdogo. Mwenyewe anataka kukuandikia, nimempa kalamu.

Dinah

Mama mimi ni mzima. Hapa maji yanatoka ukutani. Unafungua yanakuja unafunga yananyamaza. Baba ameamka? Mama mdogo anakoroma. Mwambie Alexander nitamletea vikonokono vya baharini. Ni mimi Jedidah


Sagalla
20 Oktoba 1961

Dinah mdogo wangu,

Imenyesha! Ilianza usiku wa Jumapili na haijakoma. Watu walitoka nje wakasimama tu wakilowa, wazee kwa watoto. Danson yuko nyumbani sasa. Nilimtoa mlangoni kwa kiti akanyoosha mguu wake mbovu ukanyeshewa, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Julai.

Nimepanda peke yangu sehemu yote ya juu. Mahindi yameanza kuchomoza.

Sasa mlete Jedidah. Danson anamuulizia kila siku. Yeye anaamini mtoto ana picha mbaya kichwani kuhusu baba yake, na anataka amwone akiwa amesimama, hata kama ni kwa magongo. Mpe mzee Mwinyihaji, atakuwa Mombasa mwisho wa mwezi. Nawashukuru wewe na Fanuel kwa yote. Sikuwa na adabu mwezi wa sita, unisamehe.

Mable


Majengo
1 Novemba 1961

Dada Mable,

Tumefurahi kusikia habari za mvua. Huku nako inanyesha mpaka barabara zimekuwa mito, na mbu wamejaa.

Mzee Mwinyihaji alikuja lakini sikumpa Jedidah, usikasirike. Alikuwa na mafua na joto kidogo, nikaona treni itamchosha. Nimempa vidonge vya dukani na anaendelea vizuri. Tena mtihani wa shule ni mwisho wa mwezi huu. Mwalimu anasema ana akili sana. Mwache amalize, tuje naye Krismasi sote watatu, mimi na Fanuel na yeye. Ni majuma machache tu.

Nyumba imekuwa na sauti, dada. Huwezi kujua. Wewe una Alexander hapo na Danson amerudi, na mimi naomba mpaka Krismasi tu.

Dinah


Sagalla
8 Novemba 1961

Dinah,

"Wewe una Alexander." Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imechanika.

Watoto si kuku, kwamba nikiwa na mmoja mwingine nimgawie jirani. Tulikubaliana mvua. Mvua imenyesha. Sasa ni mafua, kesho ni mtihani, kesho kutwa ni nini? Nilijua. Wanawake wa kanisa walijua kabla yangu.

Mpandishe treni. Mlipie mtu yeyote wa kuaminika. Nitakuwa stesheni ya Voi kila Jumamosi mpaka ashuke.

Mable


Majengo
27 Novemba 1961

Dada,

Barua yako imechelewa sana kwa sababu ya mafuriko. Njia ya reli imekatika na magari hayapiti. Hakuna wa kuja wala kwenda.

Jedidah hasumbuki. Usiende stesheni kwenye mvua, utaugua.

Dinah


Sagalla
12 Desemba 1961

Dinah,

Umeniandikia mistari minne. Hukusema anakula nini, hukusema mtihani umekwendaje. Mwenyewe hukumpa kalamu aniandikie. Mwezi wa nane aliongeza maneno yake chini ya barua yako.

Reli imetengenezwa. Treni imepita, nimeiona kwa macho yangu. Jumamosi ya kwanza nilikwenda Voi nikivuka matope mpaka kiunoni, nikasimama. Walishuka askari wawili na mama mmoja Mkamba na mizigo yake. Akaniuliza, "Unangoja nani, mwenzangu?" Nikamwambia namngoja binti yangu. Jumamosi ya pili nikaenda tena.

Sasa nisikilize. Kama tumbo lako halikuzaa, si kosa la tumbo langu. Umemfundisha anisahau. Umemwambia mama yake ni yule wa njaa na baba yake ni kilema. Nitakuja mwenyewe kumchukua, na nikishamchukua hutamwona tena mpaka unakufa. Danson anasema nisiandike hivi. Mimi naandika.

Mable


Majengo, Mombasa
18 Desemba 1961

Kwa Bi Mable,

Salamu zangu zikufikie, nami naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na mtu awe karibu nawe.

Mimi ni Mwanaesha binti Mwinyihaji, jirani yake Dinah. Barua yako ya juzi niliifungua mimi, kwani Dinah hafungui kitu wala hasemi na mtu. Nimeisoma, na nimeona si haki kukuacha katika dhana hiyo hata siku moja zaidi.

Bi Mable, mtoto wetu Jedidah hatunaye. Alifariki tarehe kumi na nne Novemba, hospitalini, alasiri, nasi tupo, mimi na Dinah na Fanuel.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ni haki yako. Ile homa ilimwanza mwisho wa Oktoba. Dinah alidhani ni mafua, kisha akadhani ni huzuni ya kukumbuka nyumbani, kwa kuwa mtoto alikuwa akikataa chakula na kukuita. Mimi nilimwambia, "Dinah, huyu ni mtoto wa mlimani, homa za pwani hazijui. Mpeleke." Akanijibu, "Nikimpeleka watamwandikia dada, naye atamchukua." Asubuhi moja mtoto akaanza kutetemeka, akawa hamtambui mtu. Fanuel alimbeba mabegani katika maji yaliyofika magotini, kwa kuwa hapakuwa na gari linalopita. Daktari alisema ni malaria, imepanda kichwani. Walifanya kila walichoweza. Alikaa siku mbili.

Tulitaka kumleta kwenu. Fanuel alikwenda stesheni, wakamwambia njia imekatika na hawajui itafunguliwa lini. Ikabidi azikwe hapa, katika makaburi ya Wakristo, na kasisi wa kanisa lenu. Nikufiche nini? Siku ile ilinyesha. Kaburi lilikuwa likijaa maji, wanaume wakawa wanayateka kwa debe na yanarudi. Mwisho kasisi akasema tumteremshe tu. Dinah alitaka kuingia naye. Ilitubidi kumshika wanne.

Ile barua yako ya kutaka mtoto apandishwe treni ilifika baada ya mazishi. Dinah alikaa nayo siku nyingi, kisha akakuandikia ile fupi. Nilimwambia hilo si sawa. Akaniambia, "Mwanaesha, akiwa hajui, kuna mahali Jedidah yu hai."

Fanuel alitaka kuja mwenyewe kukuambia, lakini anaogopa kumwacha mkewe peke yake, nami naona ana sababu. Nguo za mtoto zipo, nimezifua na kuzikunja. Alikuwa amekusanya vikonokono vya baharini kwa ajili ya nduguye.

Nakuombea Mwenyezi Mungu akupe subira, wewe na Bwana Danson.

Mwanaesha binti Mwinyihaji


Majengo
29 Desemba 1961

Dada Mable,

Mwanaesha ameniambia kwamba amekuandikia. Hukujibu. Nimengoja siku kumi, kila jioni nasikiliza hatua za tarishi.

Sitaandika habari za ile homa. Kila kitu Mwanaesha alichosema ni hivyo. Nataka nikuambie kimoja tu ambacho yeye hakijui. Kule hospitalini, kabla hajanyamaza kabisa, Jedidah alifungua macho akanitazama, akaniita mama. Hakusema mama mdogo. Nilifikiri ananiita mimi, dada, na kwa dakika ile nilifurahi. Mtoto anakufa na mimi nimefurahi! Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amekuona wewe. Ni ile pua yetu.

Ukitaka kuniapiza, niapize. Ukitaka nisikanyage tena Sagalla, sitakanyaga. Lakini niandikie hata neno moja, nijue kwamba umepata habari na bado u hai.

Dinah


Sagalla
7 Januari 1962

Dinah,

Niko hai.

Barua ya Mwanaesha niliipata dukani kwa baba yake, siku mbili kabla ya Krismasi. Mzee Mwinyihaji alinipa kiti kabla hajanipa barua, nikashangaa, maana kwa kawaida hunipa kiti baada ya kununua. Niliposoma nilianguka, nasikia, sikumbuki. Mkewe alinilaza ndani mpaka jioni. Kisha nikamfunga Alexander mgongoni nikapanda mlima.

Njiani nilipita kwenye mahindi yetu. Yamenipita kichwa, Dinah. Hakuna mtu Sagalla anayekumbuka mavuno kama haya. Tutakula mahindi ya kuchoma mpaka tuchoke, na mengine yataoza kwa sababu hakuna mikono ya kuvuna. Nilisimama katikati yao nikayang'oa. Niliyang'oa mpaka mikono ikatoka damu, kisha nikaogopa kwamba Danson atauliza ni nani aliyeharibu shamba, nikayasimamisha tena kwa udongo.

Maana Danson hajui.

Nilipofika nyumbani alikuwa mlangoni na magongo yake. Akauliza, "Kuna barua?" Nikasema hakuna, reli imekatika tena. Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe. Kesho yake akauliza tena, nikasema mtoto ameongezewa muda shuleni. Sasa kila treni ikilia bondeni anasimama. Amejizoeza kutembea kutoka mlangoni mpaka kwenye uzio bila kushikwa, kwa sababu anataka Jedidah akija amkute pale. Juzi aliniambia, "Mable, usimgombeze Dinah. Mtoto amenenepa huko, si ndiyo? Basi." Nikamwambia ndiyo, amenenepa.

Nilikuwa nimekukasirikia kwa mistari ile minne kuliko hata kwa homa. Nilisema, mtu anawezaje kuandika "hasumbuki" na kaburi bado bichi? Sasa nami ninayo ya kwangu, kila siku, uso kwa uso, na yeye ananiamini.

Sijakusamehe. Nakuambia hivyo usije ukadhani ni barua ya msamaha. Ungempeleka hospitali siku ile Mwanaesha alipokuambia. Nami ningemwacha hapa hapa na njaa yetu. Nayapindua hayo mawili usiku kucha na hakuna linalotulia. Yale niliyoandika kuhusu tumbo lako nayo nimeyaandika, siwezi kuyarudisha. Na kama alikuita mama, uache hivyo. Ulikuwepo, mimi sikuwepo.

Lakini siwezi kumwambia Danson peke yangu. Nimejaribu. Nafungua kinywa na linatoka jambo la mbuzi au la kuni. Watu wa kanisa wameanza kusikia kwa kina Mwinyihaji, na sitaki alisikie kwa mtu anayepita njiani.

Panda treni, wewe na Fanuel. Mlete nguo zake na hivyo vikonokono. Nitakuwa stesheni Jumamosi. Hatutasema mengi njiani, tutapanda mlima, na tukifika pale kwenye uzio yeye atakuwa amesimama, atatazama nyuma yetu amwone anayefuata. Wewe utamshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, maana magongo yatamtoka.

Dada yako,
Mable